Wanaotaka Siri Wasimame

Kuku aliyechinjwa kwa ajili ya mgeni alikuwa wa Oktavia, lakini Oktavia hakuulizwa. Mumewe, Odilo, alimnyooshea kidole yule jogoo kupitia dirishani, akasema, "Huyo anafaa," na mambo yakaishia hapo. Mgeni mwenyewe aliitwa Ndugu Shedrack. Alitoka Dar es Salaam, makao makuu ya chama cha Mshikamano, na tangu ashuke kwenye gari pale Uwemba hakuacha kulalamikia baridi, utadhani wenyeji ndio walioileta. Alikula akiwa na koti mwilini na skafu shingoni, na alikula vizuri.

"Wajumbe wa mkutano wa mkoa ni sitini," alisema huku akivunja mfupa wa paja. "Mwenyekiti, nipe hali halisi."

Odilo alikuwa mwenyekiti wa chama mkoa wa Njombe, na mkoa wake aliujua kichwani. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Ludewa wengi wako naye. Makete watafuata upepo. Makambako wafanyabiashara, hawapendi kugombana na mtu. Tatizo ni Lupembe, wakulima wa chai, ambao wote wameshikwa na katibu wa mkoa, Fidelia, mwanamke wa huko huko.

"Huyo anataka kiti chako," Shedrack alisema.

"Anakitaka."

"Na hapa Uwemba?"

"Hapa ni nyumbani. Hapa wote wangu. Hata mama Brayson huyu ni mjumbe, upande wa wanawake."

Shedrack akamtazama Oktavia kwa mara ya kwanza tangu aingie. Oktavia alikuwa amesimama na jagi la maji ya kunawa. "Ahaa! Basi hiyo haina haja ya kuhesabiwa. Kura ya mama ni kura ya nyumba." Akageukia sahani yake. "Mama, pilipili hakuna?"

Pilipili ilikuwepo. Oktavia akaenda kuifuata jikoni, na alipofika huko akasahau alichofuata. Alisimama tu mbele ya moto, uso umemwiva, na si kwa sababu ya moto.

Hoja iliyomleta Shedrack ilikuwa rahisi kueleza. Katiba ya Mshikamano ilisema kwamba kiongozi wa ngazi yoyote, kuanzia tawi hadi taifa, akimaliza vipindi viwili anaondoka. Mwenyekiti wa taifa alikuwa anamaliza cha pili na hakuwa na hamu ya kuondoka. Kwa hiyo makao makuu yalituma watu mikoani, kila mkoa upitishe azimio la kutaka kifungu hicho kifutwe. Wenyeviti wa mikoa wakanong'onezwa kwamba kamba ni moja: mkubwa akibaki, na wao wanabaki. Odilo naye alikuwa anamaliza cha pili, na alikuwa amenong'onezwa.

"Kura itakuwa ya mikono," Shedrack alikuwa akisema Oktavia aliporudi na pilipili. "Chama ni familia. Familia hatufichani."

Akaguna kwa utamu wa mchuzi, akasahau kushukuru.

*

Mgeni alipoondoka kwenda kulala hotelini Njombe mjini, Odilo akaingia jikoni kuota moto. Alikuwa na furaha. Akavuta kigoda, akanyoosha viganja vyake juu ya makaa.

"Ameridhika sana yule bwana."

"Na wewe au na jogoo wangu?"

Odilo akacheka. Oktavia hakucheka. Alikuwa anasugua sufuria kwa majivu, na aliisugua hata palipokwisha kutakata.

"Baba Brayson, kile kifungu cha vipindi viwili alikileta nani?"

Odilo akachokonoa makaa kwa kijiti. Alimjua aliyekileta. Chama kilipoanza Njombe, yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu akasema amechoshwa na mwenyekiti wa chama alichotoka, mzee aliyekuwa akisinzia kikao kizima na kuamshwa ili akifunge. Watu walicheka mpaka wakapigapiga mabenchi. Akasema kwetu haitatokea, na akapigiwa makofi.

"Nyakati zilikuwa nyingine," akasema.

"Mimi sikuwaambia habari ya nyakati. Nilizunguka nyumba kwa nyumba, Uwemba nzima, nikawaambia wanawake kwamba kwetu mtu hang'ang'anii kiti. Wamejiunga kwa mdomo wangu. Zipora aliniuliza, 'Hata mume wako?' Nikamwambia, hata mume wangu."

"Siasa si ubatizo, mama Brayson. Ahadi zinabadilika. Chama akipewa Fidelia kitakufa. Yule bado mtoto."

"Ana miaka thelathini na sita. Wewe ulianza na thelathini na tisa."

Odilo akakitupa kijiti motoni. Kilichofuata alikisema kwa sauti ya chini, sauti ambayo wajumbe wa mkoa hawakuwahi kuisikia. "Nikiondoka pale nitakuwa nani?"

"Utakuwa Odilo."

"Odilo hapigiwi simu."

Oktavia akaacha kusugua. Hasira ilimtoka kidogo, ikaingia huruma, na huruma ilimsumbua zaidi kuliko hasira. Alimpenda mwanamume huyu. Alimpenda alipokuwa akilala rumande kwa ajili ya mkutano wa hadhara, na alimpenda hata sasa, ameinama mbele ya makaa akiogopa asubuhi ambayo simu haitalia.

"Siku ile," Odilo akauliza bila kumtazama, "utaninyooshea mkono au hutaninyooshea?"

"Sijui," Oktavia akajibu, na huo ndio ulikuwa ukweli. Akinyoosha, atakuwa amewadanganya wanawake wote aliowagongea milango. Asiponyoosha, atamwaibisha mume wake mbele ya mkoa mzima, halafu arudi naye nyumba moja, chungu kimoja.

*

Jumapili, baada ya misa, Zipora alimngoja pembeni mwa kanisa la misheni. Zipora alikuwa mjane, mkulima wa viazi, mjumbe mwenzake wa mkutano wa mkoa, na rafiki yake tangu wakiwa wasichana wa kwaya. Ukungu ulikuwa bado haujainuka. Watu walisimama makundi makundi ndani ya makoti yao, wakisalimiana.

"Kamwene, mama Brayson."

"Kamwene, dada. Umeamkaje?"

"Nimeamka. Eti ni kweli kura ni ya mikono?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Basi nitanyoosha," Zipora akasema, akashusha pumzi kama mtu aliyemaliza kazi.

"Nyoosha kwa lile unalolitaka."

Zipora akatazama nyuma. Upande wa pili wa uwanja Odilo alikuwa anasalimiwa na wanaume, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiinama kidogo. "Mbegu za viazi zinapitia kwa nani?"

"Zinapitia kwenye kikundi."

"Kikundi ni nani? Ni mume wako. Mkono wangu akiuona umebaki chini, mwakani nitapanda nini? Mawe?"

"Zipora! Odilo hawezi kukunyima mbegu. Unamjua."

"Wewe unamjua, unalala naye. Sisi tunamjua akiwa amekaa mezani." Kisha akamshika mkono, maana aliona amemuumiza. "Na wewe tunakuogopa kidogo. Usikasirike. Kwako siwezi kuja kuomba chumvi siku hizi bila kufikiri nitasemaje."

Oktavia hakukasirika. Alitaka kulia. Alikuwa akijiona mwanamke wa watu wote, mlango wazi, na kumbe nyumba yake watu waliipita wakiwa wameinamisha vichwa. Alikumbuka namna wanawake walivyokuwa wakinyamaza anapofika kisimani, akafikiri ni heshima.

Njiani kurudi nyumbani hakujizuia. "Watu wanakuogopa, baba Brayson."

Odilo akasimama katikati ya njia. "Mimi? Nani ananiogopa mimi?"

"Watu."

"Nitajie mmoja."

"Nikikutajia, ndiyo nitakuwa nimemponza. Huoni?"

"Hakuna mtu. Ni maneno ya Fidelia hayo, yamekufikia." Alikuwa ameumia kweli. Hakuna jambo alilojivunia maishani kama kupendwa na watu. Akatangulia mbele kwa hatua ndefu, na siku zote mpaka mkutano waliongea habari za chumvi na kuni tu.

*

Mkutano ulifanyika Makambako, kwenye ukumbi wa nyuma wa gesti moja karibu na njia panda. Malori ya kwenda Tunduma yalikuwa yakipunguza mwendo pale nje kwa kishindo, na mara moja treni ilipiga honi ndefu mpaka aliyekuwa anasoma ajenda akangoja ipite. Harufu ya pilau ilikuwa imeshaanza kuingia ukumbini. Meza kuu alikaa Odilo na suti yake ya kijivu, kushoto kwake Shedrack na begi lenye nauli za wajumbe, kulia kwake Fidelia na kanuni za chama mapajani.

"Nauli mtachukua tukishamaliza, kwa utulivu," Shedrack alikuwa ametangaza asubuhi, akilipigapiga begi. Watu waliokuja kutoka Makete tangu jana, kwa fedha za kukopa kwa shemeji, walilitazama begi lile kama wagonjwa wanavyotazama mlango wa daktari.

Hoja ilipofika, Shedrack aliielezea kwa ufundi. Alisema uzoefu haununuliwi dukani. Alisema chama changa kinahitaji mikono iliyokwisha kuzoea usukani. Hakuna aliyemkatiza. Alipokaa, Fidelia akasimama. Alikuwa mwanamke mfupi, sauti nzito, vidole vimekuwa vyeusi kwa kuchuma chai.

"Kuhusu utaratibu, Mwenyekiti. Hoja hii inakugusa wewe mwenyewe. Nakuomba, kwa heshima, umpishe mwingine kiti mpaka iishe."

Ukumbi ukaguna. Odilo akajikuta amekishika kiti kwa mikono miwili. "Ombi halikubaliwi. Mkutano una mwenyekiti mmoja."

"Nimekubali. Basi lipo la pili. Kanuni zetu zinasema theluthi ya wajumbe wakiomba kura ya siri, inakuwa ya siri. Naomba wajumbe waulizwe."

Shedrack hakukasirika. Alitabasamu, akamwinamia Odilo, akamnong'oneza sikioni. Odilo akakohoa, akatangaza, "Wanaotaka kura ya siri, wasimame."

Ujanja wa Shedrack ulikuwa mtamu, na watu waliuelewa pale pale. Anayetaka kujificha alitakiwa kwanza ajionyeshe. Anayeogopa kuonekana na mwenyekiti, asimame mwenyekiti amwone. Wajumbe wa Lupembe wakasimama pamoja na Fidelia, saba kwa jumla, na hao hawakumshangaza mtu. Walihitajika ishirini. Wengine wakatazama viatu vyao.

Oktavia alikuwa amekaa mstari wa tatu, Zipora kando yake. Alimtazama Zipora, akaona mikono yake imekunjwa ndani ya kanga, imebanwa isije ikajiinua yenyewe. Akajisikia aibu kubwa. Mwanamke aliyebeba gunia la viazi mgongoni kutoka bondeni, aliyemzika mume na kusomesha watoto peke yake, leo anaogopa kusimama kwenye miguu yake, na anayemwogopa ni mtu ambaye Oktavia humfulia soksi.

Akasimama.

Odilo alimwona, akapauka uso. Aliyesema alikuwa Shedrack. "Mama anataka kutoka nje kidogo. Mpisheni, mpisheni mama."

Watu wakacheka, cheko la watu waliopata pa kupumulia. Mzee mmoja akakusanya miguu yake apite.

"Sitoki," Oktavia akasema. "Nimesimama."

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyejua atazame wapi, kwa mume au kwa mke. Kisha Oktavia akasikia kiti kikisogea kando yake. Zipora alikuwa amesimama, ameshika kiti cha mbele, macho ameyafumba kama mtoto anayedungwa sindano. Nyuma yao akasimama mama wa Makete. Akasimama mfanyabiashara wa mbao wa Makambako, akisema kwa sauti, "Na mimi mgongo unaniuma, nimechoka kukaa," na watu wakacheka tena, safari hii kwa moyo. Wakaendelea kusimama mmoja mmoja, wawili wawili.

Fidelia akahesabu. "Ishirini na watatu, Mwenyekiti."

Shedrack akamvuta Odilo mkono wa koti. "Sema haijatimia," alinong'ona, na safari hii mstari wa mbele wote ulimsikia. "Sema umehesabu wewe kumi na nane. Nani atakubishia?"

Na kweli, nani angebisha? Odilo alitazama ukumbi. Mkewe alikuwa amesimama anamtazama usoni bila kupepesa. Hilo aliliweza, walikuwa wametazamana hivyo mara nyingi. Kilichomshinda ni Zipora. Mwanamke huyu alikuwa amecheza harusini kwake, na sasa alikuwa anatetemeka kiasi kwamba kiti alichokishika kilikuwa kinagongagonga sakafu. Hapo ndipo Odilo alipoelewa aliloambiwa njiani siku ya Jumapili. Alielewa pia kwa nini jina halikutajwa. Lilimwingia kama maji ya baridi.

"Imetimia," akasema. "Kura ni ya siri."

Shedrack akalisogeza begi lake karibu na miguu.

Walichana karatasi za daftari. Ndoo ikaazimwa jikoni, ikafutwa maji. Kila mjumbe akaenda nyuma ya pazia la dirishani na kalamu moja iliyofungwa kwa uzi, akarudi amekunja karatasi yake, na ilichukua muda mpaka mpishi akaja kuchungulia mara mbili. Fidelia na mjumbe mmoja wa Ludewa wakahesabu mbele ya watu wote. Matokeo kwa taratibu zao hutangazwa na mwenyekiti, kwa hiyo Odilo alipewa kikaratasi akisome yeye mwenyewe.

"Wanaotaka kifungu kifutwe, kumi na tisa." Akakisogeza kikaratasi karibu na macho. "Wanaotaka kibaki, arobaini na moja."

Watu walitazamana. Waliosimama walikuwa ishirini na watatu. Kura nyingine zilitoka kwa waliobaki vitini, wale waliokuwa wakitazama viatu. Hakuna aliyepiga makofi, kwa kumheshimu. Odilo akakunja kikaratasi, akasema kwa sauti iliyokauka kwamba mkutano umeamua, kifungu kinabaki, na uchaguzi utakuwa na wagombea wapya. Kisha akasema "Mshikamano!" na wakamjibu "Daima!" kwa nguvu mpaka yeye mwenyewe akashtuka.

Pilau walilila, maana lilikuwa limeshaiva na mwenye gesti alikataa kulirudisha. Nauli hawakuziona. Shedrack alisema makao makuu yatashughulikia, akaingia kwenye gari na begi lake, na vumbi la njia panda likamfunika.

*

Jioni iliwakuta wajumbe wa Njombe na Uwemba wamesimama kando ya barabara, hawana la kufanya. Wengine walikuwa wameanza kumtazama Odilo, halafu wakakumbuka kura, wakaacha kumtazama. Odilo aliwaona. Akavuka barabara kwenda kwenye yadi ya mbao. Alirudi na fuso lililokuwa linarudi Njombe tupu.

"Pandeni," akasema. "Dereva ni mtoto wa jirani yangu."

Dereva alimfungulia mlango wa mbele, mahali pa Mwenyekiti. Odilo akamwita Zipora.

"Mama, kaa wewe mbele. Huko nyuma kuna upepo."

Zipora akaduwaa, akataka kukataa, akasukumwa ndani na wanawake wenzake. Odilo akapanda nyuma na suti yake ya kijivu, akakaa juu ya mabaki ya maganda ya mbao. Wakavuka kijiji cha Mtwango. Baridi iliwabana, na baridi ikibana watu husogeleana hata wasipotaka. Oktavia akajikuta bega lake limegusa bega la mumewe.

"Kwa nini ulisimama?" Odilo akauliza, chini kwa chini, upepo ukiyafunika maneno yake wengine wasisikie.

"Ili Zipora apige kura bila kukutazama. Mimi sihitaji siri. Nimekutazama miaka ishirini na sita, sijafa."

"Umeniaibisha."

"Nimekuaibisha, na imeniuma. Lakini ningekaa kwenye kiti halafu nikukate kwenye karatasi, ningekuwa nimekuaibisha zaidi, kwa kuwa ungelala na mimi usijue."

Odilo akafikiri. Lori likapunguza mwendo kwenye kona, watu wote wakaegemea upande mmoja.

"Kwa hiyo ulinikata."

"Hiyo ni siri," Oktavia akasema.

Odilo akataka kukasirika. Badala yake kikamtoka kitu kifupi puani, ambacho kwa mtu mwingine ungekiita kicheko. Alivua koti lake la suti, akawafunika wote wawili miguu.

*

Usidhani alipona siku hiyo. Wiki nzima alikuwa mtu wa kununa. Uchaguzi ukaja, Fidelia akapita, akaja Uwemba mwenyewe kuchukua muhuri na bendera, na Odilo alimkabidhi akiwa amesimama, hakumkaribisha chai. Oktavia ndiye aliyeileta. Mikoa miwili mingine ikasikia habari za Njombe, nayo ikaomba kura ya siri. Makao makuu yakaanza kuzungumza kwa adabu. Simu ya Odilo ikapungua kulia, kisha ikawa kimya kabisa, na asubuhi alionekana akizunguka uani akirekebisha vitu ambavyo havikuharibika.

Mwezi wa tano viazi vilipokomaa, Zipora akaitisha mgowe, ile kazi ya kusaidiana ambayo mwenye shamba hatoi ujira, anapika kande na kutafuta ulanzi, pombe ya mianzi, na majirani wanakuja na majembe yao. Miaka yote ya uenyekiti Odilo hakwenda kwenye mgowe hata mmoja. Alikuwa akituma kreti la soda na salamu. Asubuhi ile Oktavia alipochukua jembe lake, alimkuta mumewe mlangoni na la kwake, viatu vya mvua miguuni.

"Unakwenda wapi?"

"Unakokwenda."

Walipofika bondeni, mazungumzo yalikatika. Wanawake waliinua migongo. Odilo alihisi macho yote, akatamani kreti la soda. Zipora akaja kumpokea, akiinama kama zamani.

"Kamwene, Mwenyekiti."

"Kamwene, mama. Mwenyekiti yuko Lupembe, anachuma chai. Mimi nipe mstari."

Zipora akamtazama Oktavia. Oktavia akainua mabega. Basi akampa mstari, katikati yake na mkewe, na kazi ikaendelea. Haikuchukua muda kuonekana kwamba Odilo amesahau kuchimba viazi. Alikata vingine kwa jembe, alipumua kwa nguvu, alibaki nyuma. Jasho lilimwingia machoni. Wanawake walimaliza mistari yao wakaanza kutaniana, lakini yeye hawakumgusa. Walimpita na maneno yao kama wanavyopita uani kwa padri. Hilo liliuma kuliko kiuno.

Alipofika mwisho wa mstari wake akasimama wima, akajipangusa, akatafuta uso wa mtu. Zipora alikuwa anatembea taratibu kwenye mstari ule ule, kutoka nyuma, akipekua udongo kwa mguu wake peku. Akasimama. Akainama, akaibua kiazi kikubwa, kisha kingine, kisha cha tatu. Akavitazama kiganjani. Shamba zima lilimwona anasita.

"Baba Brayson!" Zipora akaita, na sauti yake ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. "Hebu rudi. Unachimba kama unasalimia watu! Umeniachia viazi nusu shamba!"

Majembe yakasimama. Kisha wanawake wakaangua kicheko, mmoja akakaa chini kabisa kwa kucheka.

Odilo akalitazama jembe lake, akamtazama Zipora. Zipora hakushusha macho.

"Narudi, mama," akasema, na akarudi mwanzo wa mstari.